Fundi wa Kilindoni na Njia Zote za Dunia

Pale Kilindoni, Mafia, palikuwa na fundi wa mitandao aliyetaka njia zote za dunia ziingie kwenye sanduku moja, yaani ruta yake. Fundi mwenyewe ni wa kutunga, na mteja wake na mwalimu wake vilevile. Msomaji asihangaike kuwatafuta sokoni wala kule kijijini Utende. Lakini lililomkuta si la kutunga. Limewahi kuwakuta watu wa kampuni kubwa kubwa huko Marekani na Ulaya, tena kwa siku moja inayojulikana, na nitaifikia.

Mafia ni wilaya ya mkoa wa Pwani iliyojitenga baharini, mkabala na delta ya Rufiji. Abiria wengi huvukia Nyamisati, upande wa bara. Mwenye haraka na fedha hupanda ndege ndogo. Wageni huja kumtazama papa potwe, anayeonekana karibu na Kilindoni tangu Oktoba hadi Machi hivi, au kupiga mbizi ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mgeni wa siku hizi huweka nafasi kwa mtandao, hulipa kwa mtandao, na kabla hajashusha begi ameshauliza neno la siri la Wi-Fi. Kwa hiyo mtandao ukilala, nyumba ya wageni nayo hulala, na simu ya kwanza hupigwa kwa fundi.

Mwaka 2024 ulitia watu adabu. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu hapo hapo Mafia, kikaishiwa nguvu. Siku nane baadaye, Jumapili ya tarehe 12, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikakatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikachechemea kwa siku kadhaa. Wenye akili wakasema njia moja haitoshi. Fundi wetu alikuwa miongoni mwao. Akatafuta mtoa huduma wa pili, akapandisha antena ya pili, akawa na milango miwili ya kutokea kisiwani. Hapo hakukosea hata chembe. Kosa lilikuwa katika ombi aliloliandika siku hiyo hiyo kwa watoa huduma wote wawili: nitumieni njia zote.

Njia zote ni ngapi? Intaneti ni mkusanyiko wa mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, kila mmoja na namba yake na mafungu yake ya anwani. Mitandao hiyo hupashana habari kwa itifaki iitwayo BGP, ambayo michoro yake ya mwanzo Yakov Rekhter na Kirk Lougheed waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kupangusia mdomo, wakiwa mezani kwenye chakula. Mmoja hutangaza, "Anwani hizi ni zangu." Jirani hupokea na kupitisha, "Anwani zile unaweza kuzifikia kwa kupitia kwangu." Ukikusanya matangazo yote ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, unapata orodha ambayo mwaka 2001 ilikuwa na mistari kama 100,000, na ambayo sasa inazungukia milioni moja. Haipungui. Kila anayegawa anwani zake vipande vidogo zaidi anairefusha, na hakuna wa kumzuia.

Mwalimu wake, mzee aliyeanza kazi enzi za Posta na Simu na sasa anaishi Dar es Salaam, aliposikia habari ya ombi lile alimpigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hapo kisiwani una milango mingapi ya kutokea?"

"Miwili, mwalimu."

"Na ruta yako unaijaza njia ngapi?"

"Karibu milioni kutoka kila upande."

"Kwa milango miwili?"

Fundi akaeleza kwamba anataka kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, itoke kwa mlango ulio bora kwa kule inakokwenda. Sababu hiyo ni ya kitaalamu na inasemeka mbele ya watu. Sababu ya pili hakuisema: alikuwa ameshapiga picha ya skrini yenye ile namba ndefu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzake. Ruta ilikuwa ya mtumba, lakini yenye nguvu, na karatasi ya muuzaji iliandika wazi kwamba inabeba njia milioni moja. Kumbukumbu yake ya kawaida aliiongeza mwenyewe, kwa bei nafuu. Tena, kwa kuwa sasa anazo njia zote, akaifuta njia ya jumla, ule mstari mmoja unaosema "pakiti yoyote nisiyoijua iendako, itoke kwa mlango huu." Mwenye kuijua dunia nzima ana haja gani na mstari wa kukiri ujinga?

Sasa inabidi tufungue lile sanduku, maana ugomvi wote ulikuwa humo ndani.

Watu husema ruta ina jedwali la njia, wakaishia hapo. Ruta ina majedwali mawili, na hukaa mahali pawili tofauti. La kwanza ndilo hilo jedwali la njia. Linatunzwa na prosesa kuu kwa programu, katika kumbukumbu ya kawaida kama ya kompyuta yoyote. Humo mna habari kamili za kila njia: imesikiwa kwa jirani gani, kwa itifaki ipi, imepita mitandao mingapi, ina umri gani. Habari moja ikiletwa na mashahidi watatu, wote watatu huandikwa, kisha hupimwa. Katika ruta za Cisco, kwa mfano, njia iliyoandikwa kwa mkono na fundi ina alama 1, iliyoletwa na BGP kutoka mtandao wa nje ina 20, ya OSPF, itifaki ya ndani ya mtandao, ina 110. Mwenye alama ndogo ndiye anayeaminiwa. Mshindi hupewa alama ya mshindi, na walioshindwa hubaki pembeni wakisubiri mshindi afe.

La pili ni jedwali la upitishaji. Humu hawaingii ila washindi, tena wamevuliwa historia yao yote. Tuchukue fungu 203.0.113.0/24. Kwenye jedwali la njia utasoma kwamba fungu hilo limesikiwa kwa BGP na kwamba hupitia 192.0.2.1. Lakini 192.0.2.1 nayo iko wapi? Inabidi ruta itafute tena, igundue kwamba ipo upande wa antena ya pili, kisha ijue anwani ya kifaa kilicho mwisho wa waya huo. Kazi hiyo yote hufanywa mara moja, mapema, na jibu ndilo linaloandikwa kwenye jedwali la upitishaji: fungu hili, mlango wa pili, anwani ya kifaa hii hapa. Basi. Hakuna jina la itifaki, hakuna umri wala mashahidi.

Kwa nini usumbufu huu? Kwa sababu ya saa. Kwenye laini ya gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika milioni 14.88 kila sekunde, yaani kila moja ina nanosekunde 67 hivi za kuangaliwa na kuondolewa. Prosesa kuu haiwezi kukaa kupima mashahidi kwa muda huo. Ndiyo maana jedwali la upitishaji hupakiwa kwenye chipu za pekee, na katika ruta nyingi kubwa kumbukumbu inayotumika ni ile iitwayo TCAM, ambayo hulinganisha anwani ya pakiti na mistari yote kwa mpigo na kutoa ule unaolingana kwa urefu zaidi. Ni kumbukumbu ghali, inakula umeme, inapata joto, na ukubwa wake umekatwa kiwandani. Ile ya kawaida unaongeza upendavyo. Hii huongezi.

Aliyewahi kusubiri chombo Nyamisati ataelewa haraka. Ofisini mna daftari: vyombo gani vipo, nani nahodha, kipi injini yake inasumbua, maji yanajaa saa ngapi. Gatini amesimama kijana mwenye kipande cha karatasi kilichonakiliwa kutoka daftari lile, na kazi yake ni kuwaelekeza watu: wewe chombo hiki, wewe kile. Abiria hapandi daftari, anapanda alikoelekezwa na kile kipande. Ofisi ikibadilisha mpango na karatasi isibadilishwe, watu watapelekwa kwenye chombo kilichovunjika huku daftari likisema vizuri kabisa. Na karatasi ikijaa, abiria wa mstari uliokosa nafasi atasimama gatini mpaka jioni. Ukienda ofisini kulalamika, karani atakufungulia daftari akuonyeshe jina lako, na hatakuwa amesema uongo.

Zamani mambo hayakuwa hivi kwa kila ruta. Nyingi zilikuwa zinakumbuka tu: pakiti ya kwanza ya kila safari ilipelekwa kwa prosesa kuu, jibu likahifadhiwa, zilizofuata zikapita kwa jibu hilo. Utaratibu huo ulifanya kazi maadamu watu walikuwa wanarudia safari zile zile. Mwaka 2001 vikaja virusi vya Code Red mwezi Julai na Nimda mwezi Septemba, vikigonga anwani za ovyo ovyo kutafuta kompyuta za kuambukiza, na karibu kila pakiti ikawa pakiti ya kwanza. Maprosesa yakazidiwa. Hoja ya kuandika jedwali zima la upitishaji mapema, kabla ya pakiti kufika, haikuhitaji tena wakili.

Turudi Kilindoni. Ruta ya fundi ilifanya kazi kwa miezi bila neno. Ile milioni ya muuzaji ilikuwa na herufi ndogo chini yake: nafasi ni moja, inagawanywa kati ya IPv4 na IPv6, mfumo mpya wa anwani, na mstari wa IPv6 unakula nafasi mbili. Fundi alikuwa ametenga sehemu kwa ajili ya IPv6, jambo jema kabisa, kisha akasahau kwamba alichokitenga kimetoka kwenye ile milioni. Orodha ya dunia ikawa inakua polepole kama ilivyo desturi yake. Siku moja ikapita ukomo. Mistari iliyokosa nafasi kwenye chipu ilikuwa ya mitandao midogo ya mbali ambayo hakuna mtu Mafia aliyewahi kuiulizia, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Ruta yenyewe ililalamika: iliandika kwenye kumbukumbu zake za matukio kwamba jedwali la upitishaji limejaa, ikaandika tena, ikaandika tena. Fundi alikuwa amezizima taarifa hizo zisimfikie kwenye simu, maana zilikuwa zinamharibia usingizi.

Ikaja masika. Usiku mmoja mvua ilinyesha kiasi kwamba mawimbi ya antena ya kwanza yakapotea, na yaliporudi baada ya robo saa, ruta ilipokea upya matangazo ya upande ule, ikapima upya, ikaanza kuandika upya. Kila kitu kilikwenda kama vitabu vinavyosema. Isipokuwa safari hii mistari haikufika kwenye chipu kwa mpangilio ule wa zamani, na walioachwa nje ya mlango hawakuwa wageni wa mbali tena.

Asubuhi simu ikalia kutoka Utende. Ni Bi Mkubwa mwenye nyumba ya wageni, mteja wa zamani na mlipaji mzuri.

"Mwanangu, WhatsApp inaingia, lakini ile tovuti ninayopokelea wageni haifunguki."

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Itakuwa ni simu hiyo. Izime, uiwashe."

"Nimezima simu, nimezima kompyuta, nimezima hata friji. Haifunguki."

Fundi akaingia kwenye ruta. Akaiuliza: unaijua njia ya kwenda kwenye anwani ya tovuti ile? Ruta ikajibu kwamba inaijua, tena ina mbili, na ya antena ya kwanza ndiyo mshindi. Akapiga pingi, vipakiti vya kuuliza "upo?", kutoka ndani ya ruta yenyewe. Majibu yakarudi, moja, mbili, tatu, nne, tano, bila kukosa. Akampigia Bi Mkubwa na kumwambia kwa ukakamavu wa mtu mwenye ushahidi, "Njia ipo."

Hapa ningependa kila fundi kijana asimame kidogo. Ile pingi ilikuwa ya kweli na ilikuwa mtego. Katika ruta nyingi, pakiti inayozaliwa ndani ya ruta yenyewe hutumwa na prosesa kuu, nayo huongozwa na habari zilizo upande wa programu, ambako njia zote zimo. Pakiti ya Bi Mkubwa haizaliwi humo. Inaingia kwa mlango mmoja na inatakiwa itoke kwa mwingine, na aliyeshika mlango ni chipu. Chipu haina mstari wa tovuti ile, na njia ya jumla ilifutwa. Pakiti inatupwa kimyakimya. Fundi alikuwa amejaribu njia ambayo hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa akipita.

Siku ya pili zahanati ikasema barua pepe haziendi. Siku ya tatu tovuti ya Bi Mkubwa ikafunguka yenyewe, na shule ikapoteza ukurasa wa matokeo. Antena ilikuwa imeyumba tena usiku, mistari ikapangwa upya, wengine wakaingia na wengine wakatolewa. Ugonjwa unaohamahama hivyo humfanya mtu aamini uko nje ya nyumba yake. Fundi akamwandikia mtoa huduma wa kwanza barua kali na kuambatanisha picha ya jedwali la njia. Mtoa huduma akajibu kwa adabu na kuambatanisha picha ya jedwali lake la njia. Wakabadilishana picha za madaftari kwa siku nzima.

Jioni ndipo alipompigia mwalimu, akamsomea kila kitu. Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza kama anaikumbuka tarehe 12 Agosti 2014.

Ilikuwa Jumanne. Wakati huo mitandao mingi duniani ilikuwa ikitegemea ruta za Cisco za jamii ya Catalyst 6500 na 7600, mashine ngumu, zilizofungwa na kusahauliwa. Matoleo yake makubwa yalikuwa na nafasi ya mistari milioni moja kwenye chipu, lakini kiwandani nafasi ile iligawanywa: takriban 512,000 kwa IPv4, nyingine kwa IPv6, ambayo wakati huo ilikuwa na mistari michache mno. Orodha ya dunia ilikuwa inausogelea mpaka ule mwezi baada ya mwezi, watu wakiuona. Cisco yenyewe ilitoa onyo mwezi Mei. Asubuhi ile Verizon, kwa makosa, ikayagawa mafungu yake makubwa na kutangaza kama vipande 15,000 vidogo. Muda si mrefu ikavirudisha, lakini mpaka ulikuwa umeshavukwa, na ruta ambazo hazikuandaliwa zikajaa. Huko na huko duniani tovuti zikawa hazifikiki kwa baadhi ya watu na zinafikika kwa wengine, eBay ikiwa mojawapo.

Kilichowachanganya wengi siku ile ni hiki kilichomchanganya fundi wetu. Kumbukumbu ya kawaida ilikuwa na nafasi tele. Jedwali la njia lilikuwa zima, kila mstari mahali pake. Aliyelitazama hilo tu aliona mtandao wenye afya. Mistari iliyokosa nafasi kwenye chipu ilirudi kuhudumiwa na prosesa kuu, ambayo haikutengenezwa kwa mwendo huo, ikazidiwa, na ruta nyingine zikaanza kujizima na kujiwasha. Dawa ilikuwa amri ya mstari mmoja: igawe upya nafasi ya chipu, IPv4 ipewe zaidi, kisha uizime ruta na kuiwasha. Waliokwisha kuiandika mwezi Mei hawakuisikia siku ile isipokuwa redioni. Mimi huwa nawaza zaidi juu ya wale waliolisoma onyo, wakalielewa, wakaahirisha kwa sababu kuzima ruta kunahitaji kibali cha mkubwa na mkubwa yuko likizo. Nadhani walikuwa wengi kuliko wasiosoma.

"Sasa," mwalimu akasema, "umeniambia ruta inajua nini. Sijakuuliza hivyo. Iulize inafanya nini."

Fundi akaandika amri ya pili, ile ambayo hakuwa ameigusa tangu afunge mashine. Akaomba mstari wa jedwali la upitishaji kwa anwani ya ukurasa wa shule. Hakukuwa na mstari. Akaomba hesabu ya majedwali yote mawili. Namba hazikulingana, la njia lilikuwa limelizidi la upitishaji kwa maelfu, na la upitishaji lilikuwa limegota pale pale lilipokatwa na kiwanda. Mwisho akafungua kumbukumbu za matukio. Taarifa ya kujaa ilikuwa imeandikwa kwa wiki kadhaa, ikijirudia kama mwadhini asiye na msikiti.

Alitaka kununua mashine kubwa zaidi. Ni wazo la kwanza la kila mtu, na wauzaji hawalipingi. Mwalimu akamrudisha kwenye swali lake la awali. Kisiwa kina milango miwili. Pakiti nyingi za Mafia ama zinakwenda Dar es Salaam ama zinakwenda ng'ambo, na za ng'ambo zitapita Dar es Salaam vilevile kabla ya kwenda popote. Pale Dar es Salaam kuna TIX, kituo kinachoendeshwa na chama cha watoa huduma wa intaneti, TISPA, ambapo mitandao ya nchini hubadilishana pakiti bila kuzizungusha nje ya nchi. Basi omba njia za mitandao ya nchini, hizo zina faida kuzijua moja moja, maana mtoa huduma mmoja anaweza kuwa karibu nazo kuliko mwenzake. Kwa dunia iliyobaki, kila mtoa huduma akutumie mstari mmoja tu wa njia ya jumla. Ule wa antena yenye nguvu uupe kipaumbele, wa pili usubiri.

Watoa huduma walikubali siku hiyo hiyo. Kutuma pungufu hakumsumbui mtu. Hesabu ikashuka kutoka karibu milioni hadi elfu chache, chipu ikabaki na nafasi ya kucheza mpira, na antena ilipoyumba usiku uliofuata ruta ikamaliza kuandika upya kabla mtu hajabonyeza kitufe mara ya pili. Hilo la mwisho fundi hakulitegemea. Mistari michache haihitaji nafasi ndogo tu, huhitaji pia muda mfupi wa kuhamishwa kutoka jedwali la kwanza kwenda la pili, na katika muda huo ndipo pakiti nyingi hupotelea.

Mwalimu alimwonya asiondoke na wazo kwamba kujaa ndiyo sababu pekee ya majedwali haya kutofautiana. Programu inayonakili mistari kwenda kwenye chipu huwa na kasoro zake. Mstari unaweza kufutwa juu ukabaki chini, ukaendelea kupeleka pakiti kwenye antena iliyokufa. Unaweza kuandikwa chini vibaya, mlango mmoja badala ya mwingine. Mashine yenye kadi kadhaa inaweza kuwa na nakala sahihi kwenye kadi tatu na mbovu kwenye ya nne, na malalamiko yakaja kwa wateja wa kadi hiyo tu. Kwa hiyo kila Jumatatu fundi sasa huandika namba mbili kwenye daftari la karatasi, ya jedwali hili na ya lile, na anapopima njia hapimi akiwa ndani ya ruta. Ameweka kikompyuta kidogo cha bei rahisi upande wa wateja, na pingi zote hutokea huko, zikiingia kwa mlango na kutoka kwa mlango kama pakiti ya mtu mwingine yeyote. Taarifa za matukio amezirudisha kwenye simu, ila amezichuja: ya kujaa inapigiwa kengele, ya mlango kuyumba mvuani inaachwa ilale hadi asubuhi.

Kabla ya haya yote kutulia alikwenda Utende mwenyewe kwa pikipiki kumwomba Bi Mkubwa radhi. Akakaribishwa chai na mkate wa kumimina, akaeleza habari ya majedwali mawili mwanzo hadi mwisho, akichora kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu cha wageni. Bi Mkubwa alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akamwuliza kama siku zile ambazo tovuti haikufunguka zinakatwa kwenye bili au hazikatwi. Fundi akasema zinakatwa.

"Na friji niliyoizima?" akauliza Bi Mkubwa. "Palikuwa na samaki humo."